Mwenye Nyumba Yuko Jikoni

Mama yangu akiugua, mtaa mzima unakunywa chai. Sitanii. Alitoka hospitalini akiwa ameshonwa tumbo, anatembea ameinama kama mtu anayetafuta sindano sakafuni, na kabla hajafika kitandani, sebuleni kulikuwa na wamama watatu wa kanisani waliokuja kumwona mgonjwa. Mgonjwa naye akawaona, akageuza njia, akaingia jikoni kuwawekea chai.

Hiyo ndiyo sheria ya kwetu Umoja, hapa Nairobi, na nadhani ni ya Eastlands nzima: mtu haji kwako akatoka na mdomo mkavu. Haijalishi kama amekuja kukupa pole kwa sababu huwezi kusimama. Utasimama. Utachemsha maziwa, utatoa vile vikombe vya wageni ambavyo mimi nimekatazwa hata kuvitazama, halafu utaketi pembeni umeshika tumbo huku unaulizwa, "Na daktari alisema upumzike?"

"Alisema nipumzike. Ongezeni sukari."

Nilijaribu kusaidia. Nilisimama mlangoni kama bawabu wa benki nikawaambia wageni mgonjwa amelala. Sauti ikatoka ndani: "Nani huyo? Mwambie aingie!" Siku nyingine nikapika chai mimi mwenyewe. Mgeni wa kwanza akaionja, akaitazama vizuri, akasema eti hana kiu. Mama akanyanyuka kwenda kupika nyingine, na alipopita karibu nami akanong'ona, "Umeniaibisha."

Tuliporudi kliniki, nesi alifungua bandeji na uso wake ukabadilika. Upande mmoja wa kidonda ulikuwa haujashika, ulikuwa unatoa maji. Akamuuliza mama anafanya kazi gani nyumbani.

"Hakuna," mama akasema.

Baba, ambaye ni dereva wa gari la mikate na huwa hapotezi maneno, akakohoa. Nesi akamwangalia baba, akamwangalia mama, kisha akaeleza polepole, vile unavyomweleza mtoto, kwamba hakuna uzi wa kumshinda mwanamke asiyekaa chini. Kidonda kikiendelea hivyo, atarudishwa ndani, kifunguliwe, kishonwe upya. Mama akacheka kidogo. Mimi na baba hatukucheka.

Jioni hiyo baba alinifuata kwenye roshani nilipokuwa naanua soksi zangu za shule. Alisimama hapo muda, akitazama nguo za majirani.

"Huyu inabidi tumtoe hapa," akasema.

Lakini tumpeleke wapi? Ushago, kijijini kwetu, haikuwezekana. Kule Ukambani kila shangazi ana birika lake na kila birika lina wageni wake. Nikasema Machakos, baba akasema, "Dada yake." Nikasema Kitui, akasema, "Dada zangu." Mombasa kulikuwa na binamu ambaye angejisikia vibaya akisikia tumelala hotelini. Mwishowe baba akafikia uamuzi ambao sijawahi kuusikia kwa Mkamba mwingine yeyote: "Tutafute mahali ambapo hatuna ndugu." Tulizunguka nchi nzima kwa vidole mpaka tukatua Naivasha, kando ya ziwa. Naivasha hatuna mtu, hata wa kukosana naye.

Sasa, baba yangu kwake safari ni kitu unachouziwa na mtu aliyeketi nyuma ya meza. Akanichukua mpaka Eastleigh, kwa mama mmoja ambaye ni wakala wa safari. Anatoka magharibi mwa nchi, anasali kanisa letu, na ndiye amewasafirisha wazazi wangu kwenye kila harusi na kila mkutano wa wazee wa kanisa tangu sijazaliwa. Ofisi yake iko ghorofani ndani ya mall, katikati ya duka la mapazia na duka la manukato, kwa hiyo tiketi zake zote hunukia udi.

"Karibuni. Mgonjwa yuko aje?"

"Anaendelea," baba akasema.

"Anaendelea kupika," mimi nikasema.

Akaanza kuuliza maswali. Anaweza kupanda ngazi? Anakula nyama? Akilala peke yake chumbani anaogopa? Anapenda kuongea asubuhi ama anapenda kunyamaziwa?

"Auntie, hii ni safari ama tumekuja kuandikisha taarifa polisi?" nikauliza. Baba akanikanyaga mguu.

Auntie akatutolea picha za nyumba ya wageni inayosimamiwa na watawa. Bustani, kimya, chakula kinaletwa mpaka mkononi, na sala ya pamoja kila alfajiri. Hapo mwili ukanisisimka.

"Alfajiri ya saa ngapi, auntie?"

"Ya Mungu," akajibu.

Nikatoa simu. Usiku uliopita nilikuwa nimepekua mtandaoni nikapata nyumba ndogo nyeupe huko Naivasha, nzima, ya kwetu peke yetu, bila mtawa hata mmoja. "Auntie, cheki. Unagusa hapa, unalipa hapa, umemaliza. Dunia imeenda. Umebaki tu wewe na hiyo feni yako."

Hakukasirika. Alivaa miwani, akaichukua simu yangu, akatazama picha zote moja moja, hata ile ya bomba la choo. "Nzuri," akasema. "Na nani atawafungulia mlango?"

"Kuna kisanduku cha ufunguo. Unabonyeza namba za siri."

"Sijauliza habari ya ufunguo, mwanangu."

Nilicheka. Baba hakucheka, lakini baba huamka saa kumi kila siku ya kazi kwenda kupakia mikate, na neno alfajiri lilikuwa limeshamwingia. Nilimtazama macho nikajua nimeshinda.

Nyumbani, mama ndiye alimaliza mchezo. Nilimsomea ujumbe wa mwenye ile nyumba: "Karibu nyumbani kwangu. Jisikie uko kwako." Akaniambia nisome tena.

"Huyu mtu anatujua?"

"Hapana, mum."

"Na anatukaribisha kwake."

"Tunalipa, mum. Ni biashara."

"Kulipa ni kulipa. Nyumba si ni yake?"

"Ni yake."

"Basi ni mtu ametukaribisha." Akaagiza kiondo kishushwe kutoka juu ya kabati.

Ndani ya kiondo mliingia muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa, sukari, majani ya chai, maembe ya Makueni ambayo alikuwa ameletewa yeye mgonjwa, na mkate wa baba. Nikamwambia ile nyumba ina kila kitu, hata sahani. Akanitazama kama mtu aliyeharibu ada ya shule. "Kwa hiyo unaenda kwa mtu mikono mitupu kwa sababu ana sahani?"

Tulifika jua likiwa bado liko juu. Nyumba ilikuwa vile vile ilivyokuwa kwenye picha, jambo ambalo, niseme ukweli, lilinishangaza hata mimi. Nyeupe, fupi, miti yenye magome ya manjano nyuma yake. Mama akarekebisha leso, akasimama hatua chache kutoka mlangoni.

"Hodi!"

Kimya.

"Hodi wenyewe!"

Mimi wakati huo nilikuwa nabonyeza namba. Kisanduku kikafunguka, ufunguo ukanidondokea mkononi. Nikauinua juu kama kombe. "Twende ndani!"

"Ndani ya nani?" mama akauliza. "Mwenyewe yuko wapi?"

"Huwa hakai hapa, mum. Pengine hata yuko ng'ambo."

"Na sisi tuingie tumfungulie makabati."

"Ndiyo!"

"Kama wezi."

"Wezi hawalipi, mum."

"Wezi ndio huingia mwenyewe akiwa hayupo."

Akaketi kwenye kizingiti cha nje, polepole, mkono mmoja ukutani. "Tutamngoja."

Msinielewe vibaya. Mama ni karani, amefanya kazi ofisini miaka mingi, hulipa bili ya stima kwa simu akiwa amefumba macho. Alijua vizuri kabisa hakuna mtu anakuja. Kichwa chake kilielewa. Miguu ndiyo ilikataa. Maisha yake yote hajawahi kuvuka mlango wa mtu bila kuambiwa karibu na mdomo wenye meno.

Baba alijaribu. "Mama watoto, si umngojee ndani basi?"

"Wewe ingia. Mimi niko sawa hapa."

Nikamwandikia mwenye nyumba: wageni wako wamefika, tafadhali piga simu, mama anataka kusalimiwa. Jibu likaja papo hapo: "Asante kwa kukaa nasi! Tunatumaini ulifurahia. Tafadhali tupe nyota tano." Hatukuwa hata tumevua viatu.

Upepo ukaanza kutoka upande wa ziwa, ule wa baridi wenye harufu ya matope. Mama akajifunika leso mabegani, kisha mkono wake ukashuka tumboni, upande ule ule ambao nesi aliutazama. Baba naye aliuona ule mkono. Aliweka kiondo chini, akanitazama mimi, kana kwamba mimi ndiye tovuti.

Shuleni nimeshaadhibiwa kwa kumwiga mwalimu wa zamu, kwa kumwiga naibu wa mwalimu mkuu, na mara moja kwa kuiga kengele, darasa zima likatoka. Sina kipaji kingine. Basi nikaingiza ufunguo, nikafungua, nikaingia peke yangu, nikaufunga mlango kutoka ndani.

Nikamsikia mama: "Huyo anaenda wapi?"

Nikaanza kufikiria nimefanya ujinga. Kisha ngumi ya baba ikagonga mlango. Baba, ambaye kanisani aliwahi kuombwa aigize mchungaji wa kondoo Krismasi akakataa kwa kuwa ana aibu, alisafisha koo na kusema kwa sauti ya juu:

"Hodi mwenye nyumba!"

"Nani hao?" Nikatoa sauti nzito, ya mzee mwenye tumbo.

"Ni wageni. Kutoka Nairobi."

"Wangapi?"

"Wawili."

"Wanakula sana?"

Ndipo nikasikia kitu ambacho nyumbani kwetu hakikuwa kimesikika tangu kabla ya hospitali: mama anacheka. "Uuwi, tumbo! Mwambie asinichekeshe, nyuzi zitakatika!"

Nilikuwa nimepata aproni imening'inizwa jikoni, nikaivaa, nikatupia taulo begani, nikafungua mlango wote. "Karibuni, karibuni sana! Msiogope, mbwa nimemfunga." Nikamnyooshea mama mikono miwili.

Alinitazama. Nilidhani atasema "wacha upuzi", maneno ambayo ameniambia mara nyingi kuliko jina langu. Badala yake alirekebisha leso, baba akamshika kiwiko akasimama, na akanipa mkono vile ambavyo huwa hanipi, vile humpa mtu mzima asiyemjua.

"Habari za hapa?"

"Nzuri, mama. Mmechoka?"

"Tumechoka kidogo. Tumekuja na hiki kidogo cha watoto."

Baba ndiye aliyeinua kiondo. Mama aligusa tu mkanda wa kiondo, ili ionekane kimetoka mkononi mwake. Nikakipokea kwa mikono yote miwili, nikainama. "Mungu awabariki. Ingieni, kiti ni hiki."

Akaingia.

Nilidhani mchezo ungeishia hapo, lakini kumbe ndio ulikuwa umeanza, kwa sababu mara tu alipoona mlango wa jikoni alianza kunyanyuka. Nikamzuia. "Mama mgeni, kwetu mgeni haingii jikoni. Ni mwiko. Aliyeingia mwisho bado tunamtafuta."

Akarudi kuketi. Mgeni angefanya nini? Alikuwa amenaswa na sheria zake mwenyewe. Mgeni haoshi vyombo. Mgeni hafagii. Mgeni anakula anachopewa, na nilichompa kwanza, kama inavyotakikana, kilikuwa chai. Ile ile chai yangu. Niliiweka mbele yake nikasimama. Akanywa funda moja. Nikaona maneno yakipanda mpaka kwenye midomo, nikaona akiyarudisha.

"Asante, mwenye nyumba. Kwenu majani ya chai hupatikana kwa shida?"

"Yapo, mama mgeni."

"Mh. Nilidhani."

Lakini alimaliza kikombe mpaka chini, na baada ya chai akaonyeshwa chumba, na akalala. Mchana. Baba alivuta kiti akaketi karibu na mlango wa chumba, mikono magotini. Nilipompelekea mkate akaninong'oneza, "Unajua sijawahi kumwona amelala jua likiwaka?" Tukasimama pale mlangoni kama watu wanaotazama simba kwenye mbuga, tunaogopa kukanyaga jani.

Kesho yake nilimtolea kiti nje, chini ya ile miti. Baba alikuwa ameenda kutafuta samaki. Nilikaa karibu naye na aproni yangu nikichambua muthokoi, na kwa kuwa mwenye nyumba hapaswi kumwacha mgeni peke yake, nikamuuliza kama alilala vizuri.

"Nililala. Na wewe, mwenye nyumba, mama yako yupo?"

Sikuwa nimejiandaa kwa swali hilo. "Yupo."

"Mzima?"

"Alifanyiwa upasuaji. Hapumziki lakini. Ni mbishi huyo."

"Mh." Alitazama ziwa kidogo. "Si ubishi. Pengine anaogopa."

"Anaogopa nini?"

"Sasa sisi tukilazwa kwenye kile kitanda chenye magurudumu, unasukumwa, unaona taa za juu tu zikipita. Mimi siku hiyo sikufikiria mambo makubwa. Nilifikiria kijana wangu. Nikasema, Mungu, huyu hata chai hajui kupika. Nani atampikia?" Akatoa kipande cha jani kwenye leso yake. "Kwa hiyo ukirudi unataka uonekane umesimama. Ili hata wewe mwenyewe uamini. Mwambie mama yako hivyo. Mwambie kuna mgeni mmoja anamwelewa."

"Nitamwambia," nikasema. Sauti ya mzee mwenye tumbo ilikataa kutoka, ilitoka yangu. "Lakini kijana wake anajifunza. Polepole."

"Aongeze majani," mama akasema.

Siku ya tatu alinishinda kwa kuamka mapema. Nilimkuta ameketi mezani, amevaa, macho yanacheka. "Mgeni siku mbili," akasema, "siku ya tatu mpe jembe. Leo ni siku ya tatu, mwenye nyumba. Jembe langu liko wapi?"

Nilitazama sinki lililojaa vyombo. Nikatazama ufagio. Yeye pia alivitazama, kwa hamu kama ya mtu aliyefunga siku nzima. Nikafungua droo, nikatafuta, nikamletea kijiko cha chai.

"Hili ndilo jembe dogo kabisa tulilo nalo. Shamba lako ni kikombe hiki. Koroga sukari."

Akalipokea kwa mikono miwili. Akakoroga taratibu sana, akalilima lile shamba lote.

Wakati wa kuondoka alikataa kiondo kirudi na kitu. Maembe na sukari na muthokoi uliobaki vilipangwa mezani. Tulikuwa hatujafika mbali simu ikalia, na kwa mara ya kwanza ilikuwa sauti ya mwenye nyumba wa kweli, kijana mwanamke, amechanganyikiwa. Msafishaji alikuwa amemwambia wageni wamesahau chakula. Mama akaichukua simu kutoka kwangu. "Hatujasahau, mwanangu. Ni yako. Tulikuja kwako hatukukukuta." Upande ule ukasema asante kwa sauti tofauti kabisa na ile ya nyota tano.

Wageni wa Umoja nao walikuwa wametungojea. Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, walipanda ngazi, wanne kwa mpigo, na auntie wa safari akiwa miongoni mwao, ananukia udi. Mama alikuwa kwenye kiti cha baba, mto mgongoni. "Tumekuja kumwona mgonjwa," wakasema, na kutoka mlango wa jikoni nikaona mikono yake yote miwili ikishika mbao za kiti, tayari kusukuma.

Nikatoa ile sauti nzito. "Wangapi hao?"

Mikono ikasimama pale pale.

"Wanne!" mama akajibu.

"Wanakula sana?"

Wamama wakatazamana. Auntie wa safari ndiye aliyeuliza, "Huyo ni nani tena?"

"Ni mwenye nyumba," mama akasema. "Yuko jikoni." Akaachilia zile mbao, mkono mmoja, kisha wa pili, akaegemea mto.

"Kumbe. Na kule mtandaoni, mlango mlifunguliwa na nani?"

"Kulikuwa na kijana fulani. Mchafu mchafu hivi. Lakini alitukaribisha."

Auntie akaangalia upande wangu juu ya miwani yake, akakubali kikombe. Niliongeza majani mpaka chai ikawa rangi ya viatu vya shule. Walikunywa wote. Kliniki ya juzi nesi amesema ule upande umeanza kushika, lakini bado asinyanyue kitu, na watu bado wanakuja. Nimeandika haya kwa vipande vipande, kati ya birika moja na lingine.